Upepo wa Ijumaa ya Mazishi

Doonside,
Sydney,
Australia.

Jumatano, 27 Agosti

Mpendwa Mama Mdogo Zilpah,

Shikamoo, mama. Nakusalimu kwa jina la Bwana nikiwa hapa mezani jikoni, shali mabegani, chai imepoa mbele yangu. Goti lako linaendeleaje na baridi hiyo ya Mbooni? Na sikio la kushoto, walikuongezea dawa kule hospitali ya Wote, au bado unageuza kichwa kama kuku akisikiliza mwewe? Usikasirike. Ukiweza, cheka kidogo, maana najua kwetu siku hizi hakuna anayecheka.

Sisi huku tu wazima. Rufus yuko kazini, Jacky yuko shule. Mimi nipo. Siwezi kusema zaidi ya hapo. Nikiwekewa chakula ninakula, nikiambiwa nilale ninalala.

Nimeona nikuandikie kwa mkono kwa sababu kwenye simu hunisikii vizuri, na mambo haya si ya kupigiwa kelele mpaka jirani asikie. Clifford, rafiki yetu wa Penrith, anasafiri Jumamosi kwenda kuwaona wazazi wake Machakos. Ameahidi kukufikishia barua hii mpaka mlangoni. Amebeba pia sweta ya kijivu. Ni yako. Usimpe mtu, nakujua.

Najua yamesemwa mengi kuhusu ile Ijumaa ya kumzika Mama. Ulikuwa umeketi mstari wa mbele, karibu na kaburi la dada yako. Mchungaji akatangaza kwamba kifungua mimba sasa atasema kutoka Australia, mdogo wangu Mutua akaishika simu mbele ya kipaza sauti, watu wakangoja, na hapakutoka neno. Nataka usikie kutoka kwangu jinsi ilivyokuwa.

Nianze na hali ya hewa, maana ndiyo iliyotupata.

Huku Agosti ni mwisho wa majira ya baridi, na mwisho huo hauna adabu. Leo jua linawaka mpaka watu wanavua makoti. Kesho upepo unavuma kutoka bara, upande wa magharibi, mkavu na mkali kama umenolewa. Kesho kutwa mvua inaingia kutoka baharini. Jumapili ile kabla ya mazishi Rufus aliketi mbele ya televisheni akimsikiliza mtu wa utabiri kama anavyomsikiliza mchungaji. Tuliambiwa wiki nzima itakuwa ya kugeukageuka. Mvua mwanzoni mwa wiki, theluji milimani kule juu ya Penrith, upepo Jumatano na Alhamisi, halafu Ijumaa mambo yatulie. Kwenye Ijumaa walikuwa wamechora kijua kidogo kikichungulia nyuma ya wingu.

"Umeona?" Rufus akaniambia. "Ijumaa ni shwari."

Nikamwambia nimeona. Alikuwa amepata kitu kimoja cha kushika, na sikutaka kumnyang'anya. Mimi nilikitazama kile kijua kama mtu anayetazama tangazo la sabuni.

Sasa nikuambie jambo ambalo hatukuwaambia. Mlipouliza kwa nini sikupanda ndege, tulisema daktari amekataa kwa kuwa nimefanyiwa upasuaji mdogo. Haukuwa mdogo. Ule uvimbe ulionivujisha damu muda mrefu ulikuwa umekua sana, na mwanzoni mwa mwezi huu wakanitoa mji wa uzazi. Kwa hiyo Jacky atabaki peke yake. Mama alijua. Ni yeye tu niliyemwambia, naye akasema, "Usiwaambie bado. Nitawaambia mimi polepole, ukishapona." Kidonda changu kilikuwa bado kibichi presha ilipomchukua Mama.

Daktari alisema nikikaa kwenye ndege safari yote hiyo damu inaweza kuganda miguuni, ipande mpaka kwenye mapafu. Nilimsikiliza, nikamshukuru, nikavaa koti nikatoka. Rufus ndiye aliyebishana naye. Mimi ni kama ile dawa ya ganzi waliyonidunga hospitalini haijaisha mpaka leo. Mutua mimi siwezi kumweleza mambo ya tumbo langu, ni mdogo wangu na ni mwanamume. Mwambie wewe, kwa namna utakayoona inafaa.

Basi mvua ilianza Jumatatu kama walivyosema. Ilinyesha bila kelele, mfululizo, nguo ndani ya nyumba zikagoma kukauka. Jumanne ikaongezeka. Watu walipiga simu kutupa pole, na wenyeji wa huku wakikosa la kusema huzungumzia hali ya hewa. Msimamizi wangu wa kazini alisema pole kwa kifo cha mama yako, kisha akasema na mvua nayo jamani, kisha akasema wanadai Ijumaa itakuwa afadhali. Wote walisema hivyo. Nilijibu ndiyo, wanadai hivyo.

Aliyekuja kwa miguu yake ni Bibiane. Huyu ni Mkongo wa Bukavu, anakaa nyumba ya nne kutoka kwetu, na tunafanya kazi pamoja ya kuwatunza wazee. Alifika ameloa, amebeba sufuria ya maharagwe chini ya koti. Hakuniuliza najisikiaje. Aliosha vyombo, akapanguza meza, akaketi.

"Mama Jacky," akasema, "nitakuya kila siku mpaka bamuzike. Mutu akikaa peke yake na kifo, kifo inazoea nyumba."

Na kweli alikuja kila siku.

Jumatano theluji ilianguka milimani. Sisi hatukuiona, ila baridi yake ilishuka mpaka Doonside, na asubuhi majani ya uani yalikuwa meupe. Alhamisi usiku kabla hatujaingia kulala Rufus alifungua tena utabiri. Kile kijua cha Ijumaa kilikuwa kimeondolewa. Badala yake walikuwa wameandika onyo la upepo wa kuangusha miti, kuanzia mchana mpaka usiku, eneo lote la magharibi ya Sydney.

Rufus alikasirika kama mtu aliyetapeliwa. "Si walisema Ijumaa ni shwari! Si walisema!"

Jacky akamjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba utabiri si ahadi, baba. Rufus alimtazama, akaenda kuchaji simu zote za nyumbani, na betri ile kubwa aliyoazima kwa Clifford.

Ijumaa yenyewe asubuhi ilianza kimya. Mchana upepo ukaja, na jioni mvua ikaufuata. Mama mdogo, upepo huu hauji kwa mikupuo kama wa kwetu. Unasukuma tu, saa baada ya saa, mpaka unachoka kuusikia. Wakenya wenzetu wa kanisani walikuwa wamepanga kuja kukaa nasi tukitazama mazishi pamoja. Waliotoka Penrith kwa treni walikwama njiani kwa sababu matawi yalikuwa yameangukia reli, wengine wakarudi. Waliofika wangetosha kwenye makochi. Clifford alikuja na gari. Bibiane alikuja na mumewe Masumbuko, aliyetoka zamu ya ghala moja kwa moja na viatu vyake vizito, akaviacha mlangoni akaketi na soksi.

Kwenu ilikuwa asubuhi, kwetu jua linazama. Rufus aliunganisha televisheni, nikawaona nyote. Nilimwona Mutua na ile suti ya harusi yake. Nilikuona wewe na kitambaa cheupe, mkono kwenye goti. Niliona vumbi linavyopita juu ya miguu ya watu, nikawaza kwamba kwenu kumekauka sana mwaka huu. Nililiona sanduku. Bibiane alinishika mkono, nikajua kwamba hapo ndipo mtu hulia. Nikangoja kilio kije. Hakikuja.

Maneno yangu nilikuwa nimeyaweka kichwani. Hayakuwa mengi. Ibada ilipokaribia mwisho Mutua akanipigia, nikaenda chumbani ili sauti ya televisheni isirudi kwenye simu. Nikamsikia mchungaji akitaja jina langu. Nikasikia watu wakinyamaza.

"Sema, dada," Mutua akaninong'oneza. "Wanakungoja."

Nikafungua kinywa. Nje kukatokea mlio kama gunia la mbao limemwagwa barabarani, na taa zikazimika. Mkalitusi mkubwa wa ng'ambo ya barabara ulikuwa umeanguka juu ya nyaya za stima. Nilisema, "Hallo? Mutua?" Bado nilimsikia mara moja akisema, "Sema." Kisha laini nayo ikafa. Mnara wa simu ulizimika pamoja na mtaa.

Niliporudi sebuleni kila mtu alikuwa ameinua simu yake juu akitafuta mtandao, nyuso zao zikiwa na mwanga wa buluu. Rufus alikuwa uani kwenye mvua ameinua mikono miwili. Mtu akasema tuombe. Masumbuko akasema, "Tutaomba ndani ya gari. Kule Granville umeme iko. Kaka yangu iko na duka kule. Simameni, twende."

Walinitoa kwa kunishika huku na huku. Bibiane akaniwekea mto tumboni chini ya mkanda wa gari ili kidonda kisibanwe. Rufus akaketi nyuma na Bibiane na Jacky, Masumbuko akaendesha gari lake. Taa za barabarani zilikuwa zimekufa, magari yakiulizana kwa honi nani apite. Njia ya kwanza ilikuwa imefungwa na mti. Ya pili ilikuwa na watu wa dharura, wale wa kujitolea wanaovaa rangi ya chungwa, wakikata matawi kwa msumeno huku mvua ikiwapiga usoni. Masumbuko alirudi nyuma, akazunguka, akarudi nyuma tena. Bibiane aliimba pambio kwa sauti ndogo, na baadaye nikasikia Jacky naye anaimba. Hajui maana ya maneno yote, ila aliimba.

Simu ilikuwa mapajani mwangu. Nilikuwa naitazama kama sufuria ambayo haitaki kuchemka.

Tulipoingia Granville taa zilikuwa zinawaka kama hakuna jambo. Masumbuko alisimamisha gari mbele ya mahali wanapochoma kuku kwa makaa, na simu ikaamka. Ujumbe ukaanguka mmoja juu ya mwingine. Nikafungua picha ya kwanza, ikawa ni ya kaburi limeshafunikwa, maua juu yake. Kisha nikafungua sauti ya Mutua.

"Shirleen, tumekungoja. Mchungaji ameimbisha watu pambio wakikungoja. Haya. Tumemfunika."

Nilimpigia. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Rufus akapiga kwa simu yake. Hakuna.

Watu wote garini walinitazama mimi. Mama mdogo, nitakuambia ukweli kwa kuwa wewe ndiye umebaki wa kuambiwa. Nilichosikia ni njaa. Nilisema, "Nasikia njaa," na Masumbuko akashuka mara moja kwenye mvua akarudi na kuku wa moto ndani ya mfuko. Nilikula. Mama yangu ameingia udongoni na mimi nakula kuku kwenye gari la watu, na alikuwa mtamu. Jacky aliniegemea begani kutoka nyuma.

Jumamosi upepo ukaisha. Stima ilirudi mchana. Watu wa manispaa walikuja na mashine wakaukata ule mkalitusi vipande vipande, harufu yake ikajaa nyumba nzima, kama dawa ya kifua. Jumapili kukawa na jua. Rufus alimtumia Mutua picha ya mti, picha ya nyaya, maelezo marefu. Mutua alisoma, hakujibu. Nilipiga asubuhi, nikapiga jioni. Mtu wa kanisani akaniambia amesikia huko nyumbani wanasema wa Australia ameshindwa hata kutoa neno la kumuaga mama yake. Sijui nani alisema. Usiniambie.

Jumatatu nilianza kutembea uani kama daktari alivyoniagiza. Jana pia nilitembea. Kulikuwa na joto la kumfanya mtu afungue kifungo cha juu. Ile miti yenye maua ya manjano imeanza kuchanua kando ya reli, na jirani ametoa blanketi zote kuanika. Nyumbani nilikuwa peke yangu. Nikatoa simu nikapiga namba ya Mama.

Sikuwa nimesahau kwamba amekufa. Nakuambia ili usifikiri nimerukwa na akili. Ila unajua, au labda hujui, kwamba kila Jumapili baada ya kanisa Mama alinipigia, na swali lake la kwanza lilikuwa hali ya hewa ya huku. Hakuanza na afya wala na mjukuu. "Huko kukoje leo?" Nikimwambia kuna baridi, ananiuliza baridi ya namna gani. Nikimwambia mvua, anauliza imeanza lini. Nilikuwa nikimcheka. Sikujua inamsaidia nini mwanamke wa Mbooni kujua kwamba Doonside kuna manyunyu. Nadhani alitaka kuwa na picha kamili ya mahali nilipo, mpaka na mawingu. Basi jana kulikuwa na jua zuri na hapakuwa na wa kuniuliza, kidole kikapiga.

Ikaita. Ikapokelewa.

"Hallo." Ilikuwa sauti ya Mutua.

Nikasikia jogoo, na maji yakimwagika.

"Ni wewe?" akauliza.

"Ni mimi."

"Unampigia nani?"

"Mama."

Alivuta pumzi. "Niko hapa kaburini kwake. Namwagilia maua, jua limeyachoma yote." Halafu akauliza, polepole, "Huo upepo uliisha?"

"Uliisha Jumamosi. Mti uliangukia nyaya, Mutua. Mtaa mzima ulizimika."

"Niliona picha." Maji yakaacha kumwagika. "Dada, nilisimama na ile simu mbele ya watu mpaka mkono ukaniuma. Kabla haijakatika nilisikia kitu kimevunjika huko kwako. Kikubwa. Halafu kimya. Nikamfunika mama nikijiuliza kama nitatakiwa kukufunika na wewe. Jioni Rufus akaandika kwamba mko salama, mmekula. Nikashikwa na hasira ambayo sijui ilitoka wapi. Nikawa siwezi kushika simu."

Hilo sikuwa nimelifikiria hata mara moja. Siku zote hizo nilidhani ananidai maneno.

"Nisamehe," nikamwambia.

"Na mimi." Akakohoa, akasema, "Nimeweka spika. Naiweka hapa chini, juu ya udongo. Sema sasa."

Yale maneno niliyokuwa nimeyaweka kichwani yalikuwa yamekwenda yote. Nilisimama uani, mkono kwenye kidonda, nikasema, "Mama, ni Shirleen. Wiki iliyopita ilikuwa mbaya. Mvua ilianza Jumatatu, ikaendelea Jumanne bila kupumzika. Milimani kulianguka theluji. Mimi sikuiona ila niliisikia miguuni. Walisema Ijumaa kutakuwa shwari, ikawa upepo, upepo mkubwa, ukaangusha mti ule wa mbele ya nyumba. Hakuumia mtu. Sasa umetulia. Wanasema wiki ijayo baridi inaanza kwisha, mchana kutakuwa na joto, ila usiku bado tutahitaji blanketi."

Nikaishia hapo. Sikuwa na lingine.

Nikamsikia Mutua kutoka mbali, amesimama juu ya simu. "Umeruka Jumapili."

"Jumapili kulikuwa na jua," nikamjibu.

"Usiniambie mimi," akasema. "Mwambie yeye."

Nikamwambia.

Sijalia bado, Mama Mdogo. Ukisikia watu wakisema Shirleen hakumlilia mama yake, usibishane nao. Lakini jana usiku nilijipikia uji mwenyewe, na leo nimeweza kuandika kurasa hizi zote.

Nisalimie Mutua na mkewe Mwikali na watoto wao. Nisalimie Mjomba Mutiso, mwambie nilimwona kwenye televisheni akiwa amesinzia na Mungu amsamehe. Nisalimie kina mama wa kanisa waliopika. Rufus na Jacky wanakusalimu, na Bibiane, ambaye hujamwona, anasema yeye ni mtoto wako pia.

Bwana akulinde mchana na usiku, akunyeshee mvua ya kiasi, goti lako likubebe. Vaa hiyo sweta.

Mimi mwanao akupendaye, na ambaye sasa hana mama mwingine ila wewe,

Shirleen